Jino la Papa Juu ya Makuti

Pongwe, Tanga

Mama yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo! Najua umeitikia hata kabla ya kukaa. Pokea shikamoo tatu: yangu, ya mkweo na ya mjukuu wako. Mgongo unaendeleaje na baridi ya Mbinga? Na yale meno mawili yaliyobaki, bado yanapatana? Sisi huku wazima, tunakula na kucheka, ni joto tu linalotuonea.

Barua yako niliipata. Umesema kwa kuwa shamba la mkonge limefungwa, nifunge mizigo nirudi, hakuna mtu anayelinda mahame. Nimekaa nayo mwezi mzima bila kujibu. Usikasirike, mama. Kuna jambo nililokuwa nikilingoja, na sasa limetimia, ndiyo maana naandika huku natabasamu peke yangu kama mwehu.

Tangu kamba za nailoni zilipoua mkonge, navunja mawe hapa Pongwe kwenye machimbo ya chokaa. Kumbe ndani ya mawe yale mna meno ya papa! Papa wa baharini, mama, na kutoka hapa hadi pwani ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Alikuja mama mmoja mtaalamu wa mawe kutoka Dar es Salaam, akatueleza kwamba zamani, kabla hajazaliwa mtu yeyote, hapa palikuwa chini ya maji. Wenzangu wakacheka. Mimi nikalishika lile jino, jeusi, linang'aa, ncha yake bado kali, nikaacha kucheka. Siku hiyo nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Akasema anataka mtu mmoja wa kufanya naye kazi mwaka mzima, amtafutie meno. Lakini kila tulichompelekea kilikuwa vipande, maana mvunja mawe anajua nyundo tu.

"Nileteeni jino moja zima kabla sijaondoka Ijumaa," akasema, "nijue nani ana mkono mtulivu."

Basi nikabeba jiwe langu hadi nyumbani, nikalichokonoa kwa sindano ya kushonea magunia siku tatu, napuliza vumbi taratibu kama mtu anayempuliza mtoto jichoni. Jumatano jioni jino likatoka. Zima! Nikaliweka dirishani, nikalala usingizi wa mfalme.

Alhamisi asubuhi halipo.

Mama, nilipekua nyumba nzima, nikapekua hadi ndani ya unga. Mara mjukuu wako, somo yako Osmunda, akaja polepole, kaziba mdomo kwa mkono. Jino lake la mbele limeng'oka. Sasa, watoto wa huku jino likitoka hulirusha juu ya paa, wakamwomba kunguru awape jipya. Naye kwa akili zake akapiga hesabu: nikimpa kunguru kijino cha utoto atanirudishia kijino, nikimpa la papa atanipa la papa. Akalirusha la papa! Juu ya makuti ya Bi Mwanahamisi, mwenye nyumba wetu.

Nikaleta ngazi. Bi Mwanahamisi akatoka jikoni na mwiko wake.

"Ala! Wapanda wapi, Baba Osmunda?"

"Nafuata jino, bibi."

"Toba! Lililokwisha kuombewa halishushwi. Ukilishusha mtoto atabaki na pengo mpaka uzeeni, na mchumba tutampata wapi?"

Osmunda kusikia vile akaangua kilio, majirani wakajaa uani. Hapo ndipo nilipokwama. Kesho Ijumaa, kazi yangu iko juu ya makuti, na mwanangu analia chini ya ngazi. Ningepanda kwa nguvu nani angenizuia? Lakini huyu ndiye mwanamke aliyetugawia sabuni yake miaka ile ya foleni, alipokuwa na kipande kimoja tu. Nikashuka. Roho iliniuma, mama, nikajisemea basi, mwezi ujao tunarudi Mbinga.

Bi Mwanahamisi akamgeukia mtoto. "Na lile lako mwenyewe liko wapi?"

Osmunda akafungua fundo la kanga. Limo! Kalitunza!

Bibi alicheka mpaka akakalia kinu. "Basi kunguru hajapewa haki yake bado. Mrushie lake, arudishe la watu."

Osmunda akalirusha, akamwomba kunguru radhi kwa sauti, na ua mzima ukaitikia amina, Waislamu na Wakristo. Nikapanda mbio kabla hawajabadili nia. Nilifumua makuti safu nne ndipo nikaliona, limenasa kwenye ufito, zima kama nilivyoliacha.

Ijumaa yule mtaalamu alilipokea kwa viganja viwili, akaligeuza, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia kwenye mashine ya mkonge. Leo niko wiki ya tatu kazini. Kwa hiyo sirudi sasa, mama, nisamehe. Tutakuja Krismasi. Siku hizi mitumba imejaa Tanga, kila mtu hapo nyumbani atapata koti.

Msalimie kaka Kastori anayekuchumia kahawa, dada Gaudensia na wanawe, mjomba katekista, na shangazi aliyesema mawe hayamlishi mtu. Huyo msalimie mara mbili.

Ndani ya bahasha mna kijino cha papa kilichokatika ncha. Mtaalamu amekikataa, akanipa. Aliyenituma nikutumie ni Osmunda. Anasema wewe umebakiwa na mawili tu, basi ukirushe juu ya bati, umwombe kunguru wa Mbinga. Usicheke, mama. Lake limechomoza leo asubuhi.

Mwanao asiyekusahau,
Longino