Mlango Uliomfungulia Mjukuu

Mama,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia marahaba, lakini ulinilea hivyo, mtu hatangulizi maneno mbele ya salamu. Leo sikuletei dua. Dua nilikusomea alfajiri. Leo nakuletea wivu.

Namwonea wivu Mejumaa, binti niliyemzaa mwenyewe. Ndiyo, nimesema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyo huyo ndiye anayemtazama mwanawe akitoka na sare nyeupe ya uuguzi, ushungi umebanwa vizuri kidevuni, roho ikamuuma. Namwambia, "Nenda salama, mwanangu," kisha narudi jikoni nayagonga masufuria bila sababu.

Wala si yeye aliyenikosea. Ni wewe.

Unaikumbuka siku niliyovunja ungo? Nilikuwa darasa la saba, hapa hapa Msambweni, na mtihani ulikuwa bado. Ulifurahi kweli. Ulimwita somo wa kunifunda, nikaogeshwa, nikapakwa liwa, wanawake wakapiga vigelegele uani, nami nikajiona malkia. Kesho yake nikaitafuta sketi yangu ya shule. Nikaikuta jikoni, umeshaikata vipande vya kuepulia sufuria. Ukasema, bila hasira yoyote, "Mtoto wa kike akishakua ni wa ndani. Ndivyo dini ilivyo." Nani alikuwa akikujibu wewe? Mchana ule niliuepua wali kwa sketi yangu mwenyewe.

Sisemi ulikuwa mbaya. Miaka ile ya ndani ulinifundisha kushona kofia, na kusoma Yasini kwa moyo. Ukinisuka nywele ulikuwa ukinihadithia Bi Khadija na biashara zake, na misafara yake ya ngamia. Nami nikijiuliza, mbona yeye hakuwekwa ndani? Lakini mikono yako kichwani ilikuwa laini, nikaona haya kukuharibia hadithi.

Mejumaa alipovunja ungo, mimi nilifanya nilivyofundishwa. Sare yake nikaikunja nikaiweka juu ya kabati. Ukaja wewe na magoti yako mabovu, ukaishusha, ukaipiga pasi, ukamshika mtoto mkono hadi shuleni, baibui lako likiburura vumbi. Mjomba Bakari, ndugu yako, akakuuliza dini umeiweka wapi. Ukamwambia, "Neno la kwanza kuteremshwa ni soma. Halikusema wanaume peke yao."

Neno hilo, Mama, ulikuwa nalo tangu zamani. Mola ni yule yule. Jioni ile tukichambua mchicha nikakuuliza, "Mbona mimi hukunipeleka?"

"Zamani nilikuwa nawaogopa watu, mwanangu. Sasa namwogopa Mungu."

Ukaendelea na mchicha wako. Kila ninayemsimulia hulisifu jibu hilo. Mimi huniuma. Ungeanza kumwogopa Mungu mapema kidogo ungepungukiwa nini?

Sasa Mejumaa ameposwa. Kijana ni wa Lunga Lunga, ana adabu, anaswali. Mejumaa ameridhia, ila ana sharti: amalize chuo, afanye kazi, hata zamu za usiku, na liandikwe katika hati ya nikaha. Nikamuuliza hayo ameyatoa wapi. "Nyanya aliniambia kabla hajafa. Mwanamke ana haki ya kuweka sharti." Mimi nilipoolewa na Athumani uliniusia nisipite mbele ya mavyaa wangu bila kuinama. Basi.

Juzi wazee walikutana kwetu. Upande wa kijana wakaguna. Zamu za usiku, watu watasemaje? Mjomba Bakari akanigeukia, na unajua kwetu Wadigo neno la mjomba lilivyo zito. "Mama mtu, wasemaje? Wewe ukilikataa, mtoto hataling'ang'ania." Alisema kweli. Mejumaa asingenivunjia heshima mbele ya wageni.

Nikamtazama pale mkekani, anachezea ncha ya ushungi, hainui macho. Shetani akanijia na maneno matamu. Sema hapana. Wewe ulikaa ndani, na ulikufa? Naye akae, muwe sawa. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, Mama, wallahi.

Nikasema, "Liandikwe."

Lilitoka kwa ukali, wakadhani nimewakasirikia wao.

Mejumaa akanifuata jikoni akanikumbatia, machozi yanamtoka. Unajua alisema nini? "Nyanya angefurahi." Nyanya. Siku moja tu niliyofungua mlango mimi, shukrani zikaenda kwako. Hata kaburini unanitangulia.

Wageni walipoondoka nikamwendea Athumani, anakunja mikeka. Nikamwambia, "Na langu liandikwe."

"Lipi tena?"

"Masomo ya watu wazima pale shule ya msingi. Yanaanza Jumatatu. Nakwenda, nataka ule mtihani wangu."

Akacheka. Akaniona sicheki, akaacha. "Na chakula atapika nani?"

"Mwenye njaa."

Akaukunja mkeka wa mwisho, kisha akaniuliza kama mchele huoshwa kabla ya maji kuchemka au baada.

Mama, nakuombea kaburi lenye nafasi na nuru, na hilo nalisema kwa moyo mmoja. Kukusamehe bado, sitakudanganya, Mungu anasikia. Lakini njia ya kwenda shule inapita makaburini. Jumatatu nitapita hapo ulipo. Nitakuombea nikitembea, lakini sitasimama. Sitaki kuchelewa.

Mwanao,
mama yake Mejumaa