Aliyenunua Shamba la Chwele

Kitale,
9 Juni 2024

Dada yangu mpendwa Phelista,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mke wangu Vivian. Sisi tunaendelea vizuri kwa neema ya Mungu, isipokuwa kikohozi cha mvua hii. Je, goti lako limepata nafuu? Na mwanao Makokha, siku hizi anakula?

Ujumbe wako niliupata Jumapili iliyopita tukitoka kanisani. Uliniomba nikukopeshe pesa ili umtafute huyo mtu wa Kitale aliyenunua shamba lako la Chwele kwenye mnada, umpigie magoti akuuzie tena, angalau upande ule alikozikwa shemeji. Niliusoma nikiwa nimesimama, hata Vivian akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ni mambo ya biashara.

Dada, unajua kazi yangu ni kuzungusha pesa. Mahindi nanunua Kiminini wakati wa mavuno, kila mtu akitafuta karo na bei iko chini, halafu nauza njaa ikiingia. Ploti nanunua za walioshindwa kulipa benki. Nimezoea kusema soko halina ubaya, kwamba hakuna aliyelazimishwa kuuza. Nikipata faida natoa kanisani, watu wanapiga makofi, narudi nyumbani nikijiona mtu mwema.

Mwaka jana Makokha alikuja kwangu. Pikapu yake ya kubeba vitunguu ilikuwa imekufa injini, na benki inamsumbua. Sikumpa kitu. Nilimweleza jinsi riba inavyomla mtu. Alinisikiliza mimi mjomba wake kwa heshima mpaka mwisho, akasema, "Asante, khocha, lakini hiyo riba mimi naijua kuliko wewe," akaondoka bila kumaliza chai. Hakuniambia kwamba ulikuwa umeweka hati ya shamba lako kama dhamana ya mkopo wake, na mimi sikuuliza.

Nilijua siku nilipoona tangazo la mnada gazetini. Sasa nikwambie jambo ambalo nimeshindwa kukwambia kwa simu, maana kwa simu ningekata. Mtu wa Kitale ni mimi.

Nilienda Bungoma nia yangu ikiwa kukuokolea shamba. Lakini mvua ilikuwa imewazuia watu, wanunuzi tulikuwa wachache, na bei ikabaki chini. Dada, nilifurahi. Dalali alipotaja jina langu nilisikia ile raha ninayosikia nikipata mahindi ya bei rahisi, na kwa muda nilisahau kabisa ni shamba la nani. Nilikusudia kukupigia jioni hiyo. Kabla sijapiga, Kipkosgei, yule anayejenga vituo vya petroli, akanitafuta akitaka kulinunua kwa karibu mara mbili. Ningepaswa kumfukuza. Badala yake nilimwambia angoje nifikirie, na tangu hapo nimekuwa nikifikiria huku wewe unalia.

Kwa hivyo usinishukuru. Mpaka leo sijui kama nililinunua kwa ajili yako au kwa ajili ya bei. Hata kutoa kwangu kanisani sasa kunanitia wasiwasi, kwa sababu sijawahi kutoa kitu ambacho kilinigharimu.

Benki nimeshaimalizia pesa zake, na wakili wangu pale Bungoma ameandaa karatasi za kuhamisha shamba lote liwe kwa jina lako. Hutanilipa chochote. Njoo Jumatano asubuhi na kitambulisho chako tutie sahihi. Kipkosgei bado ananipigia, na bado sijamwambia hapana. Nikikuomba tuahirishe, usikubali, hata nikikupa sababu nzuri. Sababu nzuri mimi huwa sikosi.

Vivian hajui bado. Nitamwambia nikishafunga bahasha hii. Nisalimie Makokha, kama atazipokea salamu zangu, na majirani wote wanaokuja kukufariji. Mungu alitunze goti lako kwa safari ya Jumatano.

Ni mimi mdogo wako,
Hesbon Wepukhulu