GPS Iliyozama Kisimani

Habaswein, Jumanne, baada ya magharibi

Sanduku lake limeandikwa kwamba haiingizi maji. Mimi mjinga nikadhani na kuelea pia inaelea.

Nilikuwa nimeinama kisimani nichukue vipimo, GPS ikaniponyoka. Ilizama kama jiwe. Wachungaji waliokuwa wakinywesha ngamia walicheka, kisha mmoja akateremka akaitoa.

Hassan, dereva wangu, hakucheka. "Wallahi injinia, hapa hata ndoo ya mtoto iko na kamba. Hii kitu yako kwa nini hakuna?"

Kamba ilikuwapo. Niliifungua mwenyewe wiki jana, ilikuwa inanikera shingoni.

Nilipoifuta iliwaka. Nikampigia bosi nikamwambia ni nzima kabisa. Hassan akanivuta kando: "Kesho usifuate hiyo. Ngoja mimi nirudi."

Lakini kesho anampeleka mamake hospitali Wajir, na bosi anataka visima vya magharibi vipimwe kesho hiyo hiyo. Dereva niliyepewa amefika juzi kutoka Nyeri. Huko hakuna barabara, ni mchanga na vichaka vinavyofanana, na simu haishiki. Tutafuata mshale wa GPS tu.

Ningempigia bosi tena. Lakini nimwambie nini, kwamba sikuijaribu hata hatua kumi?

Nimeiweka juu ya jiwe hapa uani, anga iko wazi, nami nimeketi kando yake bila kuigusa. Kioo chake kinasema tunatembea kuelekea mashariki, upande wa mpaka. Na mwendo unazidi.