Mashine Niliyoibeba Mpaka Mitwaba

Mjukuu wangu Ruth,

Nakuomba haya yabaki kwako, hata mama yako asiyasome. Hapa Kampemba tuko wazima, na bibi yako anakusalimia.

Umeuliza ununue ipi kwa kazi yako: tableti, au kompyuta yenye klaviye, yaani kibodi, inayochomoka? Nilikuwa karani kijana, mwoga, nilipotumwa Mitwaba kuandikisha mashamba. Chef, mkuu wetu wa ofisi, alisema daftari latosha. Nikachukua kwa siri mashine ya kuchapa ya ofisi, nikijua ikivunjika nitafukuzwa.

Wazee walinicheka: "Karani, unabeba jiwe ku mugongo?" Lakini nilichapa hati za mashamba mbele yao na kuwasomea. Mama mmoja akanikatiza: "Hapana, mutoto. Shamba yangu inafika ku muto." Nikasahihisha palepale, wakatia alama za vidole.

Nilirudi na hati zote zimekamilika, mashine nzima. Chef akazisoma hadi ya mwisho, akasema, "Safari ingine, uibebe tena." Nilitoka ofisini kama bwana harusi. Nyumbani wote wanaamini nilitumwa nayo.

Kama kazi yako inamalizikia mbele ya wateja, chukua yenye klaviye. Kama unawaonyesha picha tu, tableti yatosha.

Ukishachagua, piga simu ya bibi yako Jumapili, baada ya misa. Akiuliza, mwambie unataka kunisalimia tu.

Kambo yako, babu yako