Tone Moja kwenye Kona ya Tanga

Jumanne, 2 Septemba

Daftari langu, habari za tangu juzi? U mzima? Mimi mzima, mgongo tu. Sare za kwaya hazijaisha. Mama mmoja wa upande wa Zambia kaja kuchukua gauni lake la kitenge, kiuno kimembana, tumecheka, nimefumua. Vumbi la malori limeingia hadi kwenye cherehani.

Tusekile amefika kutoka chuoni. Mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mwenyewe, tangu Isongole hadi hapa Mpemba. Kaja na boksi kalishika kama yai. Ndani kuna kazi ya kikundi chao: tanga la setilaiti ndogo. Setilaiti yenyewe haizidi tofali. Ikimaliza kazi huko juu, tanga linatakiwa lifunguke, lishike ile hewa kidogo iliyopo, liivute chini iungue. Isibaki takataka kwenye njia ya wengine. Nimelipenda hilo.

Anataka nishone mifuko ya kona. Mimi! Wa darasa la saba.

Alhamisi, 4 Septemba

Sijawahi kushona kitu chepesi hivi. Kinang'aa kama fedha, na mbele yake mfuko wa rambo ni blanketi. Uzito wote unapimwa, anasema, kwa hiyo uzi mwembamba kabisa na nisirudie mshono. Kuna mikono minne ya chuma, kama tepu ya fundi ujenzi: ukiiviringisha inatulia, ukiiachia inaruka na kunyooka. Kila mkono unaingia kwenye mfuko wa kona yake. Vyote vinakunjwa na kufungwa kwa uzi wa nailoni. Saa ikifika, waya mdogo unapata moto, unakata uzi, tanga linafunguka lenyewe. Huko hakuna wa kwenda kulivuta.

Tumefunga mlango, tumepiga deki, tumevaa glavu. Kanionya: vumbi hapana, jasho hapana, mafuta hapana. Hata losheni nisipake. Mikono imekauka kama magome.

Bi Zuhura wa duka la vitambaa hapo jirani kachungulia dirishani. "Fundi, hiyo sanda ya malaika gani?" Tusekile kacheka hadi kakaa chini.

Jumamosi, 6 Septemba

Tusekile kaondoka na basi la alfajiri. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Alipokuwa anaoga, boksi lilikuwa mezani, wazi, tanga limeshakunjwa. Nikatoa chupa ya mafuta ya upako. Kila kinachosafiri kutoka nyumba hii nakipaka. Watoto, mabegi, bahasha ya vyeti. Tone moja, kona moja, alama ya msalaba. Kwa kidole kitupu. Nikasema, Bwana, likafunguke. Nikafunika boksi.

Alikataza mafuta. Nilisikia. Nikajiambia haya siyo yale aliyoyakataza.

Jumatano, 10 Septemba

Tusekile kapiga simu analia. Wameliweka tanga kwenye sanduku la baridi kali, maana huko juu ni baridi. Uzi ukakatika vizuri. Kona tatu zikaruka. Ya nne ikagoma. Mikunjo imegandana. Likabaki limepinda kama mwavuli uliovunjwa na upepo.

Nikasema pole mwanangu. Nikasema Mungu yupo. Nikaaga mapema kuliko kawaida yangu.

Chupa iko kabatini. Mafuta ya mzeituni. Asubuhi za mwezi wa sita hapa kwetu yanaganda kama samli, naipasha kwapani kabla ya maombi. Kwa hiyo najua. Sina haja ya kuambiwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Imekuwa mbaya zaidi. Wamefumua ile kona, wamekuta doa la mafuta. Aliyelikagua mwisho ni mwenzao, Yohana. Na huyo Yohana anajulikana kwa maandazi, hata maabara anaingia nayo mfukoni. Tusekile kamwambia mbele ya wote, "Maandazi yako yametuua, Yohana." Kijana kaapa hakuligusa kwa mkono mtupu. Hakuna aliyemwamini. Mwalimu wao kasema Jumanne anatolewa kwenye kikundi. Ameifanya hiyo kazi tangu inaanza.

"Shangazi, wewe ulivaa glavu hadi vidole vikanyauka! Yeye anakula maandazi!"

Nikasema, "Mh."

Hiyo tu. Mh. Mtoto wa watu anaadhibiwa, nami nasema mh.

Jumapili, 14 Septemba

Sikushiriki Meza ya Bwana. Nimesingizia tumbo. Kwaya imeimba, sare zimekaa vizuri, wamama wananisifu mlangoni. Kila sifa inanichoma.

Ninachoogopa nakiandika hapa. Naogopa Tusekile ataniona mshamba. Na nikisema upako ndio ulioliharibu tanga, nitakuwa nimesema nini juu ya Mungu? Siku zote hizi nimejificha nyuma ya swali hilo, kama vile namlinda Yeye. Mungu hakuniagiza nifungue boksi la watu. Najilinda mwenyewe.

Kumwombea ningeweza mbele yake. Kwa nini nilingoja aingie bafuni?

Jumatatu, 15 Septemba

Bi Zuhura kaniuliza kwa nini suruali ya mteja ina mguu mmoja mrefu. Nikamweleza yote. Nilidhani atacheka.

"Mafuta ni mafuta, fundi. Kijana anaondolewa kesho, na wewe umekaa hapa unapinda suruali za watu?"

Nikaenda nyuma ya duka nikampigia Tusekile. Nilisema haraka haraka, yote kwa pumzi moja. Akajibu:

"Shangazi, nilikwambia."

Hakusema kwa ukali. Ukali ningeuweza. Kisha akasema, "Nimemwaibisha Yohana mbele ya watu," akakata simu.

Usiku sikula.

Jumatano, 17 Septemba

Ujumbe mfupi. Yohana amebaki. Tusekile amesimama mbele ya kikundi kizima, amesema mafuta yalitoka nyumbani kwao, amemwomba radhi. Kwao. Yaani kwangu. Amebeba aibu yangu mgongoni na hakutaja jina langu.

Nikaomba namba ya Yohana, nikampigia mwenyewe. Kijana ana adabu. "Shikamoo mama. Yameisha. Ila maandazi mmeniharibia, kila nikinunua wananiuliza nimeosha mikono." Nilicheka. Nilipoweka simu nikalia.

Tusekile bado hajanipigia.

Jumatano, 24 Septemba

Leo kapiga. Sauti yake ile ile, ila inakanyaga taratibu. Tanga jipya limeshonwa huko huko, na fundi mwingine. Kaniambia mwenyewe, nisije nikasikia kwa watu. Nikasema sawa mwanangu. Imeniuma. Ni haki.

Jaribio ni kesho asubuhi. Mwishoni kasema, "Niombee, shangazi." Kisha akaongeza, "Ila uombe ukiwa huko huko."

Tukacheka wote wawili, kidogo.

Alhamisi, 25 Septemba

Kumetulia. Foleni ya malori imesimama hadi huku kwetu, madereva wanapiga mswaki barabarani.

Kipande kilichobaki nilipokuwa nashona lile tanga la kwanza kiko juu ya cherehani. Nikipumua, kinatikisika.

Chupa sijaitoa kabatini. Nimekaa kwenye kiti cha kushonea, mikono nimeikalia, nimeomba hivyo hivyo. Nimewaombea wote wawili, yeye na Yohana. Kisha nimemwandikia ujumbe, nanakili hapa: Mwanangu, nimeshaomba. Sijagusa kitu. Likifunguka au likigoma, nijibu mapema.