Spika ya Uani kwa Bi Zuhura

Uliyeiokota shajara hii, nakusihi: usimwonyeshe mtu hata neno moja. Mimi ni karani wa boma. Haya yanatosha kunifukuzisha kazi, na kumtia matatani mama asiyestahili.

Jumanne, 4 Novemba 1958

Bomani, kuchapa. Kurudi, kuoga, kukaa na spika. Nimeitoa kwenye redio iliyokufa. Sumaku nzima, karatasi inayotoa sauti imechanika. Nimeibandika viraka kwa uji wa muhogo.

Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu, alichungulia. Nikamwamkia. Akasema wiki ijayo, Jumamosi, mkutano wa chama utakuwa hapa kwake. Mgeni atazungumza sebuleni na wanaume, kwa mashine ya chama. Wanawake watakaa uani. Watasikia mabaki tu.

"Na wewe mwanangu una kidude cha kusemea."

Kibali cha mkutano huo nimekichapa mimi, leo asubuhi. Ndani ya nyumba tu, na sauti ya mashine isifike barabarani. Mtumishi wa serikali haruhusiwi kugusa mambo ya chama.

Naogopa.

Alhamisi, 6 Novemba

Mende wamekula uji. Na karatasi pia.

"Umewaandalia futari," alisema Bi Zuhura. Akapika uji mwingine, akautia pilipili ya kusaga, akaleta kipande cha kanzu ya marehemu mumewe, chepesi kama ganda la kitunguu. Tumebandika pamoja. Vidole vyake havikosei. Vyangu vilipinda viraka.

Jumapili, 9 Novemba

Kisanduku kimekwisha. Ni sanduku la chai, nimelikata tundu la duara mbele. Mara ya kwanza mbao zililia kama debe. Nikapasua mto wangu, nikalijaza pamba yote.

Nikaunganisha waya na redio ya sebuleni. Sikuamini. Sauti imepata kifua. Msomaji wa habari alikuwa kama amekaa jikoni anasubiri chai. Nilitoka barabarani kusikiliza: kuku tu, na baiskeli.

Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki. Nitalala bila mto, na sijali.

Jumatano, 12 Novemba

Nilimwambia Bi Zuhura nimeghairi. Nachukua kisanduku changu.

"Basi chukua," alisema, akaendelea kuchambua mchele. Kisha akauliza pamba ni ya nini.

Nikamweleza. Karatasi inapopiga hewa mbele, inapiga na nyuma. Ule mlio wa nyuma ukirudi unavuruga maneno. Pamba inaumeza. Akauliza la sumaku. Akauliza la waya. Nilizungumza mpaka wali ukaiva, nikala, nikaenda chumbani.

Kisanduku nimekisahau uani. Sikurudi kukichukua.

Jumamosi, 15 Novemba

Nilijifungia chumbani; waya Bi Zuhura ameuunganisha mwenyewe na mashine ya sebuleni. Uani wanawake wamejaa, wamekaa mikekani. Sauti ya mgeni ilitoka kwenye sanduku safi kabisa, hata pumzi yake niliisikia. Barabarani kimya.

Akasema iko siku mama mchuuza dagaa atapiga kura sawa na mwenye duka. Wanawake wote wakapiga vigelegele.

Nimeziba sanduku. Midomo sikuiwazia.

Askari aliingia uani. Akauliza kisanduku ni cha nani.

"Changu," alisema Bi Zuhura. "Kibebe taratibu, kina pilipili."

Ameitwa bomani Jumatatu. Mimi ndiye mkalimani wa boma.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimerudi kutoka bomani sasa hivi.

Kisanduku kilikuwa juu ya meza ya Bwana Shauri, Mzungu anayesikiliza mashauri bomani. Bi Zuhura aliniangalia kama hajawahi kuniona.

"Karani, mwambie nimekitengeneza mimi."

Nikatafsiri. Bwana Shauri alicheka. Akauliza, kama ni kweli, pamba ni ya nini.

Bi Zuhura akamweleza. Karatasi inapiga hewa mbele na nyuma. Mlio wa nyuma unavuruga maneno. Pamba inaumeza. Akaeleza sumaku, waya, hata mende. Nilisimama pale nikitafsiri maneno yangu mwenyewe, ila kinywani mwake yalikuwa bora. Nilikwama.

"Karani, vipi?" aliuliza Bi Zuhura. "Kiswahili changu kigumu?"

Askari aliulizwa alisikia nini barabarani. Vigelegele. Sauti ya mashine? Hapana. Bwana Shauri akaniamuru nisome kibali. Nilikisoma polepole, neno kwa neno. Vigelegele havimo.

Akamwachia, kwa onyo. Kisanduku kimebaki bomani.

Bi Zuhura alipita mbele yangu bila kugeuka. Sina ushujaa kama ule. Sijui mtu anaupata wapi. Nampenda kama mama aliyenizaa.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Tumekaa jikoni, naye anakoroga uji wa pilipili. Habari zimeenea kwamba anatengeneza visanduku. Wameagiza wa Butimba, na mwingine kavuka maji kutoka Sengerema. Yeye anapokea watu. Mimi nakata mbao. Leo mkono haukosei.

Uliyesoma mpaka hapa, kama na wewe una ua wenye watu wasiosikia, usije bomani. Pale sikujui. Njoo alasiri, mlango wa nyuma, upige hodi na kumwamkia kwanza mwenye nyumba. Lete spika yenye sumaku nzima, na mto wa pamba usioulilia. Utanikuta nimeinama karibu na jiko. Usiniite fundi. Fundi ni yeye.