Ndege ya Resian Ilivyokataa Rimoti

Baba Resian,

Supa? Poleni na joto ya Magadi.

Jumamosi msichana wako anarushia wenye ranchi ndege yake ya rimoti, ile ya kamera. Wakipenda, wanamwandika kazi ya kutafuta ng'ombe waliopotea. Kitengela yote, nani mwingine ako na mtoto kama huyo?

Shida, ikifika tu kwa jirani ilikuwa inapoteza mawimbi, inaanguka. Akabadilisha betri, wapi! Jana akauliza, "Mama, nani amezungushia antena waya ya shanga?"

Ni mimi. Nilikuwa nairembesha, kumbe nazuia mawimbi.

Hakunigombeza. Aliifungua hiyo waya, akanivalisha mkononi kama bangili, akarusha ndege. Ilivuka bonde, ikarudi.

Njoo Jumamosi. Na usiseme tena ni mchezo wa watoto. Alikusikia.

Ni mimi, mama ya fundi,
Soila